Mwanangu, usitume dipoziti bado

Mwanangu mpendwa,

Hiyo apatimenti ya dola 850 kwa mwezi uliyoiona Iowa City, jimboni Iowa huko Marekani, inaweza kuwa nzuri, lakini usitume hata senti kabla hujaingia ndani ukaiona, au kumtuma mtu unayemwamini. Matapeli huchukua picha za nyumba ya watu, hushusha kodi, kisha hudai dipoziti kwa Zelle (huduma ya kutumiana pesa kutoka benki) au kadi za zawadi wakisema wako safarini. Pigia ofisi ya jiji uulize kama anwani hiyo ina kibali cha kupangisha, maana Iowa City hutoa vibali hivyo na kukagua nyumba za kupanga.

Ukishajua nyumba ipo, uliza inapashwa joto kwa kitu gani, umeme au gesi, na nani analipa. Hapo ndipo wageni wengi wa Iowa huumia. Hita za umeme zilizobandikwa chini ya ukuta hula pesa kuliko tanuri la gesi, na Januari huko si ya mzaha. Omba kuonyeshwa bili za Januari na Februari za chumba hichohicho, kwa sababu bili ya Mei haikuambii kitu. Ongeza maji, takataka, maegesho na mashine ya kufulia. Nyumba ya 850 inaweza kukutoa zaidi kuliko ya 975 ambayo joto limo ndani ya kodi.

Wenye nyumba wengi hutaka kipato mara tatu ya kodi. Kwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, unapata kama 3,120 kwa mwezi kabla ya makato, kwa hiyo mwisho wako ni 1,040. Andaa karatasi za mshahara, kitambulisho na barua ya mwajiri. Kama huna historia ya mkopo, uliza mapema kama wanakubali mdhamini, kabla hujalipa ada ya maombi. Ada hiyo kwa kawaida hairudi hata ukikataliwa.

Tafuta pia majengo ambayo wajenzi wake walipewa na serikali nafuu ya kodi ya mapato, si kodi ya nyumba, yale yenye kikomo cha kipato kwa wapangaji. Huko hakuna haja ya vocha, ule msaada wa serikali wa kulipia sehemu ya kodi ya nyumba. Ila kwa kawaida hawapokei kaya yenye wanafunzi wa muda wote watupu. Binamu yako, kama mtakaa pamoja, anasoma, lakini wewe unafanya kazi, kwa hiyo mkiomba pamoja hilo halitawazuia. Kipato cha wote wawili kitahesabiwa, msifiche. Vocha yenyewe hutolewa na Iowa City Housing Authority, ofisi ya makazi ya jiji, kwa Johnson County yote, yaani wilaya ilimo Iowa City. Jiandikishe orodha ya kusubiri ikiwa wazi, ila usiitegemee kwa mwaka huu. Tena sheria ya Iowa ya 2021 iliyazuia majiji kuwalazimisha wenye nyumba kupokea vocha.

Kalenda ya huko inaendeshwa na chuo kikuu. Mikataba mingi huanza Agosti 1 na kuisha siku chache kabla, mwishoni mwa Julai, kwa hiyo anayehama, yeye na vitu vyake, hubaki siku hizo bila paa. Panga pa kulala mapema. Miji ya jirani, Coralville na North Liberty, haiendeshwi sana na kalenda hiyo. Tiffin, mji mwingine wa jirani, bila gari ni taabu, usidanganywe na jengo jipya.

Kwenye mkataba, sura 562A ya sheria za Iowa iko upande wako. Dipoziti haizidi kodi ya miezi miwili. Kodi ikizidi dola 700, faini ya kuchelewa haipiti 20 kwa siku wala 100 kwa mwezi. Usichelewe kwa kutegemea hilo, kwani notisi ya kutolipa ni siku tatu tu, na kesi ya kufukuzwa huonekana mtandaoni kwa kila mwenye nyumba atakayekuchunguza baadaye. Mpangishaji pia unaweza kumtafuta humohumo, uone anawashtaki wangapi.

Siku ya kupokea funguo, piga picha zulia, jiko, madirisha na chini ya sinki, umtumie mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyohiyo. Ukihama, mpe anwani yako mpya kwa maandishi. Siku zake 30 za kurudisha dipoziti hazianzi kuhesabiwa hadi aipate.

Nitumie mkataba niusome kabla hujatia sahihi.

Mama yako