Gesi ya Ziwa Kivu: sendika isihesabu ajira peke yake

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu tamko la sendika yetu, yaani chama chetu cha wafanyakazi, kuhusu gesi ya methani ya Ziwa Kivu, ziwa lililo kati ya Kongo na Rwanda. Tamko hilo linaunga mkono uchimbaji kwa sababu moja tu, nayo ni ajira. Mimi niliyechaguliwa na mafundi wa kuchomelea kuwa delege wao, yaani mwakilishi wao, sikuona humo hata sentensi moja juu ya usalama wa mfanyakazi atakayepanda kwenye jukwaa la kutolea gesi, wala juu ya mvuvi ambaye jukwaa hilo litasimama katika maji anayovulia.

Siipingi gesi yenyewe. Mji wetu wa Goma, unaopika kwa makala, yaani mkaa, ya misitu ya Virunga, hauwezi kuidharau akiba ya kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani iliyolala chini ya miguu yake. Wenzetu wa Rwanda walianza zamani: kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia gesi hiyo tangu miaka ya 1960, na mtambo wa KivuWatt wa Karongi, uliozinduliwa rasmi mwaka 2016, unazalisha takriban megawati 26 za umeme. Upande wetu wa Kongo vitalu vitatu vya gesi, yaani Makelele, Idjwi na Lwandjofu, vilitangaziwa zabuni mwaka 2022. Gesi ni moja, nchi ni mbili. Ni mirija miwili katika kibuyu kimoja, na ndiyo maana nchi hizi zilitia saini mkataba wa kuitumia kwa pamoja tangu mwaka 1975.

Hata hivyo, methani haikai peke yake. Katika maji hayohayo ya chini kuna hewa ukaa nyingi mara kadhaa kuliko methani, na vyote viwili vinazuiwa huko na uzito wa maji yaliyo juu yake. Ili kuitoa, bomba huteremshwa mamia ya mita. Maji yakipanda, shinikizo hupungua na gesi hutoka kwa mapovu, kisha huoshwa ili hewa ukaa ipungue, na maji yaliyobaki hurudishwa ziwani. Hapo kwenye kurudisha ndipo penye kesi. Yakirudishwa mahali pasipofaa, yanaweza kuvuruga matabaka yanayolifanya ziwa litulie, au kuleta juu virutubisho na hewa zenye sumu katika maji wanamoishi samaki. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno ukililinganisha na letu, lilitapika hewa ukaa usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700. Uchimbaji uliofanywa vizuri unaweza kuipunguza hatari ya namna hiyo, nami nalikubali jambo hilo bila shida. Lakini neno «vizuri» lazima liwe na kipimo chake katika mkataba, na tamko la sendika halikukitaja.

Mtu wa Goma hahitaji profesa wa kumweleza hewa ukaa ni nini. Tunaijua mazuku: mbuzi anashuka kwenye bonde dogo la mawe ya volkano asubuhi, hapandi tena, na anayemfuata kumwokoa naye anaanguka, kwa sababu hewa hiyo ni nzito na hukaa chini bila rangi. Fundi anayeinama ndani ya chumba cha pampu yuko katika hatari ileile. Je, atapewa kifaa cha kupima hewa, au ataambiwa awe mwangalifu? Na kibarua wa siku, asiye na mkataba wowote, akizirai humo, ni nani atakayelipia matibabu yake?

Kuhusu wavuvi, nenda soko la Kituku, kando ya ziwa, alfajiri uone akina mama wakigombania mabeseni ya sambaza, samaki wetu wadogo, yaliyoletwa na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zake zikiwa bado na joto. Watu hao nao ni wafanyakazi, ingawa hawana kadi ya sendika. Jukwaa la gesi huwekewa eneo lisiloingiliwa, na hakuna aliyewauliza ni maji yapi wanayoyategemea.

Huko Australia, ambako gesi hutolewa katika matabaka ya makaa ya mawe kwa kuyapampu kwanza maji yenye chumvi, vyama vya wafanyakazi havikuwa na sauti moja. Vingine vilitetea ajira za mabomba na mitambo, vingine vilisimama na wakulima waliohofia visima vyao, na jimbo la Victoria likaupiga marufuku uchimbaji huo kwa sheria mwaka 2017. Wafanyakazi wa huko walikuwa na mfano wa zamani: mwaka 1971 vibarua wa ujenzi wa Sydney, wakiongozwa na Jack Mundey, walikataa kujenga nyumba juu ya msitu wa Kelly's Bush baada ya akina mama wa mtaa kuwaomba. Sisemi tukatae kama wao. Jambo moja la Queensland, jimbo jingine la Australia lenye gesi hiyo, hata hivyo, linatuhusu moja kwa moja: kazi zilikuwa nyingi wakati wa kujenga mitambo, na mitambo ilipokamilika wengi walirudi nyumbani. Anayewaahidi vijana wa mitaa yetu ya Himbi na Majengo kazi ya kudumu awaonyeshe kwanza watu wangapi watabaki baada ya fundi wa mwisho kufunga kisanduku chake.

Najua watakaosema kwamba mji ulioteswa na vita hauna nafasi ya mjadala huu. Mimi naona kinyume, kwani mikataba mibaya hutiwa saini watu wakiwa wanatafuta unga.

Kwa hiyo naiomba kamati ya sendika iliondoe tamko lake, iwaite wavuvi na wataalamu wa kituo cha volkano mezani, kisha iwaulize waendeshaji maji yatarudishwa kwenye kina gani, nani atakayepima bila kulipwa na kampuni, na vipimo vitabandikwa wapi ili watu wavisome. Mafundi wangu wakiniuliza kama wajiandikishe kwa kazi ya gesi, nitawaambia wasubiri majibu hayo kwa maandishi.

Delege wa mafundi wa kuchomelea,
Himbi, Goma