Shoga, hela za mafunzo zisiishie kwenye vyeti

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam sana. Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila joto la Tanga unalijua mwenyewe.

Nimefurahi kusikia kikundi chenu huko Dar kimewakumbuka vijana wa nyumbani. Lakini umeniuliza, na mimi na wewe hatufichani: huo mpango wa kuwafundisha mabinti thelathini ushonaji kwa miezi mitatu, kisha mgeni rasmi, fulana na vyeti, siupendi.

Mtaani kwetu yupo binti aliyepita kwenye mafunzo kama hayo. Kazi anaijua, tena mkono wake msafi. Akikutilia zipu huoni mshono umekwenda kombo. Mafunzo yalipokwisha, wafadhili wakaondoka na mashine zao. Leo anashonea cherehani ya mtu, analipwa kwa kipande. Mwenye mashine akiwa na kazi zake, yeye hukaa pembeni kukata nyuzi. Msimu wa sare za shule, Desemba na Januari, ndio wenye pesa, na ndipo mashine hiyo haishikiki kabisa. Cheti mama yake amekitundika ukutani.

Kwa hiyo chukueni wachache, hata wanane. Nusu ya mchango iende kwenye vyerehani, ovaloki moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa) ya kutumia pamoja, na kodi ya fremu kwa miezi ya mwanzo. Kufundisha mwachieni fundi wa mtaani, ila mlipeni kwa kila mwanafunzi, maana asipolipwa huyo mwanafunzi atageuzwa mfagiaji na wa kutumwa uzi dukani. Tengeni na nauli na chakula. Wengi wanaoacha njiani si wavivu, hasa wenye watoto wachanga. Na wale ambao kazi wameshaijua bila kusoma, VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi anapimwa, anaongezewa pale anapopungukiwa, anapata cheti chake.

Shemeji aliuliza kwa nini mchange wakati serikali inatoza waajiri tozo ya kuendeleza ujuzi. Kweli ipo, na mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Sehemu yake inakwenda VETA, lakini haimnunulii mtu cherehani. Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Hiyo inataka kikundi kilichosajiliwa na mradi unaoeleweka, na binti aliyemaliza darasa jana vyote hivyo hana. Ninyi mkiwavusha hapo mwanzo, mkopo watakwenda kuuomba wenyewe.

Najua wenzako watagomea nini: picha. Wanane hawajazi picha kama thelathini. Waulize tu, baada ya mwaka watataka kuhesabu vyeti au walio bado kwenye mashine?

Mwambie mweka hazina anipigie baada ya magharibi, mchana simu siisikii kwa kelele za dukani. Bei za vyerehani nitaziulizia wiki hii, vipya na vilivyotumika, nikutumie.

Msalimie shemeji.

Wako,
Mwanahawa