Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: lile daftari la madalali liko wapi?

Mtwara, Desemba

Mheshimiwa,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Jina na cheo chako sikuviandika hapa kwa heshima, na pia kwa sababu mwenyewe unajijua. Ndiye uliyekaa meza kuu siku ile ya mkutano ukatuambia kwamba madalali wa nyumba wataandikishwa katika kila mtaa, majina na picha zao zitabandikwa ukutani ofisini kwa mwenyekiti, na asiyeandikishwa hatagusa funguo ya mtu. "Ndani ya miezi mitatu," ulisema. Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya nne, chini ya feni iliyokuwa haizunguki. Leo ni mwezi wa kumi na nne. Ningeendelea kusubiri kwa adabu kama si mambo ya Alhamisi iliyopita.

Alhamisi nilikodi kirikuu kuhamisha vyombo kutoka Chuno kwenda Magomeni. Friji, vitanda, magodoro, cherehani ya mke wangu, watoto wawili wamekaa juu ya masufuria. Tulipofika kwenye nyumba niliyoilipia tukakuta nguo zimeanikwa. Mama mmoja akatoka na mwiko mkononi, akauliza tunamtafuta nani. Alikuwa amelipa siku mbili kabla yangu, kwa dalali yule yule, na funguo kapewa. Tukasimama mlangoni tunaonyeshana meseji za muamala: namba moja, jina moja, kiasi mbalimbali. Yeye kalipa 180,000 kwa mwezi. Mimi 250,000. Hata kutapeliwa, Mheshimiwa, nimetapeliwa kwa bei ya mgeni.

Hesabu yangu ni hii. Kodi ya miezi sita, 1,500,000. Mwezi mmoja wa dalali, 250,000. Hela ya kuonyeshwa nyumba, 10,000 kila mlango, na milango ilikuwa tisa. Wenzangu wa kazini wanasema wao hutoa 5,000, na wengine huonyeshwa bure wakijuana. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam. Nilipompigia aliniambia kwa upole kabisa kwamba yeye kapokea kodi ya mpangaji mmoja, na huyo mmoja si mimi. Simu ya dalali haipatikani. Kituoni nikaambiwa kwanza nithibitishe kama hili ni kosa la jinai au ni madai. Mimi ni fundi umeme, Mheshimiwa. Naweza kuthibitisha kama waya una moto.

Sasa nijitambulishe, maana kwenye mkutano ulinikatisha. Mimi ni Mkenya wa Kwale, nina kibali cha ukaazi daraja B na ajira halali, na huu ni mwaka wa tatu niko hapa. Ni Mmakonde pia. Babu yangu alitoka Newala akaenda Pwani ya Kenya kukata mkonge, akazikwa huko huko. Sisi Wamakonde wa Kwale tulikuwa wageni Kenya mpaka Oktoba 2016 tulipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, ndipo vitambulisho vikaja. Kwa hiyo neno "mgeni" nalijua ladha yake vizuri. Sikudhani nitalikuta limenisubiri hapa, umbali wa safari ya basi moja kutoka kwenye kaburi la baba wa babu yangu.

Lakini ndivyo ilivyo, na kinachoniponza ni ulimi. Nikisema "niko na familia" badala ya "nina familia", bei inapanda. Nikiuliza "hiyo nyumba yaenda pesa ngapi?" dalali anakohoa kidogo, kisha anaanza kuniita bosi. Mwezi wa kumi nilifanya jaribio. Nilimwomba rafiki yangu wa kazini, mtu wa Tandahimba, apigie namba iliyo kwenye tangazo la nyumba ya Rahaleo: vyumba viwili kimoja masta, sebule, jiko, luku yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Akaambiwa laki na sabini. Baada ya nusu saa nikapiga mimi, nyumba ile ile, ikawa laki mbili na thelathini, na masharti mawili yameota: kodi ya mwaka mzima, na nakala ya pasipoti abaki nayo dalali. Dalali! Nakala ya pasipoti yangu akae nayo mtu ambaye ofisi yake ni pikipiki. Shangani ndiko sikurudi tena, maana huko mmoja alinitajia bei kwa dola. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2025 serikali imepiga marufuku kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Akanijibu, "Basi bosi, badilisha mwenyewe kichwani."

Nimejaribu kuelewa sababu, maana sipendi kumchukia mtu kabla sijamwelewa. Nadhani ni gesi. Wenyeji wananisimulia kwamba gesi ilipotangazwa watu walijenga, wengine kwa mikopo, wakingoja wapangaji wenye helmeti na dola. Kisha yakaja mambo ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam na ghasia za 2013, wengi wa wale wapangaji hawakuonekana, na nyumba zikabaki na fensi nzuri na popo. Tangu hapo, naona mimi, kila sauti ngeni ikisikika kwenye simu mwenye nyumba anasema: hatimaye gesi imefika. Hajui kwamba aliyefika ni mtu wa kubadilisha fyuzi. Au labda wanaogopa usumbufu wa makaratasi, kwamba Uhamiaji wakija kuuliza nani kalala hapa ataulizwa mwenye nyumba, basi wanautoza usumbufu huo kabla haujatokea. Au ni msimu wa korosho tu, maana minada ikianza mji hujaa wanunuzi na madereva wa malori, na chumba chochote chenye mlango kina bei. Huenda nimekosea kote. Lakini wa kunisahihisha ni wewe, na simu hupokei.

Sisemi kwetu ni peponi. Mombasa kuna mawakala ambao nisingewaachia hata kuku. Ila pale ukilipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja umeingia ndani, na mwezi ujao unalipa tena. Ukitapeliwa, umetapeliwa miezi miwili. Hapa natapeliwa nusu mwaka kwa mpigo.

Na niseme jambo ambalo raia huenda hajawahi kuliwaza. Rafiki yangu wa Tandahimba akichoshwa na madalali ananunua kiwanja Naliendele, anapiga tofali taratibu, mwaka wa tatu anahamia bila dari. Mimi siwezi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji, na uwekezaji wangu wote ni bisibisi na mita ya kupimia umeme. Sheria naiheshimu. Lakini basi mlango uliobaki kwangu ni mmoja tu, kupanga, na funguo yake mmemwachia mtu asiye na leseni, asiye na risiti, asiye na anuani. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba mliifuta mwaka 2005. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, halihukumu, na la kusuluhisha lazima watu wawe wawili. Dalali wangu hayupo.

Huku Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ile ya kuturuhusu kufanya kazi nchi za wenzetu, imeanza kutumika tangu Julai 2010, na kila mwaka nasikia hotuba za undugu. Ndugu, sawa. Lakini ndugu gani anayelipia hata kodi ya jengo la mwenzake? Maana ile nayo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye luku, na luku nanunua mimi. Nilipomwomba mwenye nyumba wa Chuno anipunguzie kwenye kodi ya pango, alicheka, akaniambia Wakenya tuna mahesabu. Hilo liko nje ya mada, najua. Nimelikumbuka nikauma meno.

Nilikuja na orodha ndefu ya kukuomba. Nilitaka uzuie kodi ya miezi sita. Nilitaka hela ya kuonyeshwa nyumba ifutwe, dalali alipwe na aliyemtuma, mkataba upite kwa mwenyekiti wa mtaa kabla pesa haijatoka. Nilitaka na hela yangu. Mke wangu kaisoma orodha, akaniambia, "Baba Zuhura, mtu aliyeshindwa kununua daftari utamwomba haya yote?" Nimeifuta. Naomba daftari.

Daftari, Mheshimiwa. La kurasa 96 linatosha, madukani pale sokoni yapo. Jina la dalali, picha yake, namba ya kitambulisho chake cha taifa, na nyumba anazoshika kwa idhini ya nani. Likae kwa mwenyekiti wa mtaa, mtu akitaka kulipa aende kwanza akaangalie. Kama lingekuwapo, Jumatano ningepita pale Magomeni, ningeambiwa nyumba ile ina mtu tayari, ningebaki na milioni yangu na laki saba na nusu. Wewe mwenyewe ulilitamka. Hatukukuomba, ulilitamka mwenyewe ukiwa umesimama.

Huyu dalali hajaondoka mjini, hilo nataka ulijue. Jana picha ya nyumba ile ile ya Magomeni ilikuwa bado kwenye stetasi yake, na maneno "nyumba kali, wahi". Kaniziba mimi tu nisimpate. Rafiki yangu wa Tandahimba anaiona.

Vyombo vyetu viko kwenye baraza ya mzee mmoja pale pale Magomeni, jirani wa ile nyumba, ambaye hakutujua wala hakutuuliza tunatoka wapi. Alisema tu, "Shusheni, mvua hiyo." Tumefunika turubai. Mke wangu na watoto wanalala kwa mwanamke mwenzake wa kushona, mimi nalala kazini. Shule zinafunguliwa Januari, na madaftari ya watoto yamo ndani ya friji, ndipo pasipovuja.

Namba yangu ya simu ni ile ile uliyoiandika siku ile nyuma ya ratiba ya mkutano.

Ni mimi mkaazi wako,
Baba Zuhura, fundi umeme
Mtwara