Mafunzo ya kuhariri video: kwa watakaokosa Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 3 asubuhi tunaanza kama tulivyopanga, pale pale Kaloleni. Najua walioko Karatu na Namanga hawatafika, na wenzetu wa utalii wako porini na wageni. Hamtaachwa.

Tutarekodi skrini ya mkufunzi pamoja na sauti yake, kisha tuigawe vipande vifupi: kukata klipu, kusafisha sauti, kurekebisha rangi, kutoa kazi iliyokamilika. Somo la saa nzima hakuna anayelimaliza kwenye simu, tuseme ukweli. Nitavituma humu kama dokumenti, maana video ikitumwa kawaida WhatsApp inaibana na maandishi ya menyu hayasomeki. Mwenye shida ya bando alete flashi au ampe dereva wa Hiace, nitamwekea vyote.

Programu ni Kdenlive. Ni ya bure kabisa, na inakubali Windows, Linux na Mac. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, zuri sana, ila laptopu nyingi za humu zitahema. Kwenye Kdenlive washeni proksi: inatengeneza nakala nyepesi ya klipu mnayohariria, halafu ile ya asili ndiyo inayotumika mwishoni mnapotoa video. Wenye mashine za zamani, hiyo ndiyo pona yenu.

Pakueni programu mapema jamani. Klipu za mazoezi nitazituma Ijumaa usiku. Kazi zenu ziletwe humu kabla ya Jumatano, mkufunzi atawajibu kwa sauti.