Ndoo ya kunawia isiyo na mwenye zamu ni pambo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme machache kuhusu maandalizi ya magonjwa ya mlipuko katika sehemu ndogo za kazi: karakana, mafundi cherehani, masoko, vibanda vya mama lishe. Corona ilithibitishwa nchini Machi 2020. Marburg ikafuata mkoani Kagera, Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo Januari 2025. Kila mara ndoo za kunawia zimegawiwa, na kila mara baada ya miezi michache zinakutwa koki imevunjika au zimewekewa mkaa. Ndoo hazijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye wa kuzijaza.

Piga hesabu ya karakana yenye watu 40. Kila mmoja akinawa mara nne kwa siku na kutumia nusu lita kila mara, ni lita 80, yaani ndoo nne za lita 20. Ndoo moja pale mlangoni itakauka kabla ya chakula cha mchana. Na fundi anayelipwa kwa kipande hatakwenda bombani, kwa sababu kila safari inamlia mshahara. Kwa hiyo orodha ya zamu ibandikwe ukutani, na mwenye zamu alipwe muda huo. Mwajiri akiona ni gharama, alinganishe na mafundi watano kulala wiki nzima.

Pasipo na bomba, kibuyu chirizi kinatosha. Chukua dumu la lita 5, utoboe kwa msumari uliopashwa moto upande wa mbele, chini kidogo ya shingo. Litundike kwenye mti wa kulala juu ya nguzo mbili, kisha kamba itoke shingoni hadi kwenye kijiti cha kukanyagia chini, mikono isiguse kitu. Tobo likiwa chini sana, maji yanachuruzika mchana kutwa hata kama hakuna anayenawa. Mfuniko ukibana bila kitobo cha hewa, maji yanatoka kwa kusuasua na watu wanaliacha. Sabuni ya kipande itobolewe katikati ifungwe kwa kamba, maana isiyofungwa haimalizi siku. Chini ya dumu chimba shimo ujaze kokoto, la sivyo litakuwa dimbwi la mbu.

Jiki, dawa ya klorini ya kuua vijidudu, ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Kwa mikono, maji na sabuni yanatosha. Jiki ni ya meza, vitasa, mashine na sakafu. Soma lebo kwanza. Nyingi za madukani kwetu zina nguvu ya asilimia 3.5. Kwa kufutia meza na vitasa inatakiwa asilimia 0.1: gawanya 3.5 kwa 0.1 upate 35, toa moja, basi ni kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 34 vya maji. Kwa ndoo ya lita 10 ni mililita 285 hivi, zaidi kidogo ya robo lita. Palipomwagika damu au matapishi inatakiwa asilimia 0.5, yaani kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Lebo ikiwa na namba nyingine, rudia hesabu, usikariri vikombe.

Osha uchafu kwa sabuni kwanza, kwa sababu grisi na matope humaliza nguvu ya dawa kabla haijafika kwenye kijidudu. Kisha paka dawa, uiache dakika 10 ndipo ufute. Changanya ya siku hiyo tu, ifunikwe, ikae kivulini. Jua na joto huiua. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa gesi inayounguza mapafu. Na tafadhali, kunyunyizia watu dawa kama mikorosho kuachwe. Shirika la Afya Duniani lilikataza jambo hilo wakati wa corona: dawa inaumiza macho na ngozi, na aliye na ugonjwa kifuani anatoka nao vilevile.

Yote hayo hayasaidii kama mgonjwa analazimika kuja kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi alete cheti cha daktari. Lakini asiyetimiza miezi sita kazini kwa kawaida hayumo, na hapo ndipo vibarua wengi walipo. Hao ndio wanaomeza panadol na kuja na homa.

Kwao tegemeo ni mfuko wa jamii wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Katiba nyingi zinautaja kwa msiba na kulazwa hospitali; ziongeze kipengele cha siku za kujitenga nyumbani. Tuchukue kikundi cha watu 30 wanaochanga shilingi 500 kwa wiki. Ni 15,000 kwa wiki, 60,000 kwa wiki nne. Mkimpa mgonjwa 5,000 kwa siku kwa siku saba, ni 35,000. Mfuko huo haubebi wawili kwa pamoja, na mlipuko hauji kwa mmoja mmoja. Kwa hiyo amueni mapema kiwango kitapungua kiasi gani wagonjwa wakizidi mmoja, wala fedha hizo zisikopeshwe pamoja na hisa.

Jambo dogo linalosahaulika ni sanduku la fedha za kikundi lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Mshika ufunguo mmoja akijitenga nyumbani, sanduku halifunguki wiki hiyo mgonjwa anapohitaji fedha. Kila mshika ufunguo awe na mbadala aliyeandikwa kwenye daftari, anayeishi nyumba nyingine.

Wakufunzi wa usalama na afya mahali pa kazi,
Tanga