Ami, Kismayu si ya mtu mmoja

Ami yangu, shikamoo.

Tangu siku ya pili ya Idi yananirudia yale maneno tuliyoachana nayo kwa Shangazi, Likoni. Uliondoka mapema kuwahi feri, nami adabu ilinizuia kukujibu mbele ya wageni. Naandika hadharani, jina lako silitaji, kwa sababu hoja uliyoitoa naisikia katika kila baraza ninayopita, kuanzia Mji wa Kale hadi Mtongwe.

Ulisema sifa ya kuitwaa Kismayu, mji wa bandari kusini mwa Somalia, ni ya Kibaki kwa kuwa ndiye aliyetoa amri, na damu ya El Adde, kambi ya askari wetu huko huko Somalia iliyoshambuliwa na wapiganaji wa Al-Shabaab, ni juu ya Uhuru kwa kuwa ilimwagika siku zake. Mwanao akakupinga: Kibaki aliingia Somalia bila kujua atatokaje, na aliyeibeba vita ile ni Uhuru. Mkaigawana kama warithi wanaogombea mirathi, huyu achukue shamba, yule aachiwe madeni.

Ami, wewe uliendesha winchi Kilindini miaka mingi. Nilipokuwa mdogo ulinieleza kwamba zamu ikibadilika na mzigo ungali unaning'inia, anayeingia hagusi kitu kabla hajatazama kamba na ndoano. Asiporidhika, anaushusha polepole, unafungwa upya. Akiridhika anaendelea, na tangu hapo mzigo ni wake. Ukianguka, hawezi kusema uliofungwa na zamu ya asubuhi haumhusu. Ukitua salama, vilevile hawezi kudai kwamba yeye ndiye aliyeufunga. Hivyo ndivyo ninavyoitazama vita hii, na nimejifunza kwako.

Tukumbushane. Jeshi letu la Kenya lilivuka mpaka kuingia Somalia tarehe 16 Oktoba 2011, operesheni ikaitwa Linda Nchi. Sisi wa pwani twajua kilichotangulia. Mwezi Septemba Mwingereza aliuawa Kiwayu, Lamu, na mkewe akatekwa. Wiki chache baadaye mama wa Kifaransa, mlemavu na mgonjwa, akachukuliwa kutoka Manda, akafia mikononi mwa watekaji. Kisha wahudumu wawili wa misaada, Wahispania, wakatekwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Rais alikuwa Kibaki, Waziri Mkuu Raila, na Waziri wa Fedha katika baraza lile lile la mawaziri alikuwa Uhuru Kenyatta. Kwa hiyo ukisema Uhuru alirithi vita, kumbuka alikuwapo ilipozaliwa.

Alfajiri ya 28 Septemba 2012 vikosi vyetu vilishuka kutoka baharini karibu na Kismayu. Huhitaji kusimuliwa, mwana wa kaka yako alikuwa mwanamaji. Mama alikaa kwenye mkeka na tasbihi yake, redio ikinong'ona pembeni, hata uji wa asubuhi hakuugusa. Aliporudi yule kijana, nyumba nzima ilijaa watu. Sifa ya usiku ule sitaki kumnyang'anya yeyote. Kibaki alikuwa Amiri Jeshi Mkuu, aliamua, na ilifanikiwa. Mpe.

Lakini kuuteka mji ni usiku mmoja, Ami, na kuulinda ni miaka. Mwezi Aprili 2013 Uhuru aliapishwa. Kufikia hapo askari wetu walikuwa wameshaingizwa katika jeshi la Umoja wa Afrika, AMISOM, tangu mwaka uliotangulia. Jukumu lilikuwa limepanuka, haikuwa tena kuwasukuma Al-Shabaab mbali na mpaka peke yake. Angeweza kuushusha mzigo. Hakuushusha. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Westgate na ya Mpeketoni, muungano wa upinzani wa CORD ulitaka askari warudishwe nyumbani, na kiongozi wa muungano huo alikuwa Raila, aliyekuwa Waziri Mkuu jeshi likiingia. Simlaumu kwa kubadili mawazo. Watu wanapokufa mtu ana haki ya kuyabadili. Ila mlango ulionyeshwa, na wenye mamlaka wakachagua kubaki. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukilipa marupurupu ya askari, ukayapunguza kwa asilimia 20. Hapo pia ilibidi kuamua upya. Wakabaki.

Na yako mambo ambayo hakuna anayeyadai. Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku biashara ya makaa kutoka Somalia mwezi Februari 2012. Wachunguzi wake wakaandika kwamba makaa yaliendelea kupakiwa bandarini Kismayu baada ya mji kutekwa, na wakalitaja jeshi letu, jeshi likakanusha. Hilo lilianza siku za Kibaki likaendelea siku za Uhuru. Sijamsikia mtu wa chama chochote akisimama jukwaani kusema ni letu.

Congo nayo ni hivyo hivyo. Mazungumzo ya Nairobi ya kutafuta amani mashariki mwa Congo yaliitishwa na Uhuru akiwa rais. Novemba 2022 aliyewakabidhi bendera askari waliokwenda ni Ruto, na mwezi Desemba 2023 kikosi cha Afrika Mashariki kikaondoka. Tayari watu wanagawana: mwanzo wa huyu, mwisho wa yule.

Sasa El Adde. Tarehe 15 Januari 2016. Unamjua yule mama, jirani yetu wa Mtongwe, aliyempoteza mwanawe kule, nyumba ya mlango wa kijani. Siku chache baadaye kulikuwa na ibada ya kumbukumbu Eldoret, Uhuru akahudhuria pamoja na marais wa Nigeria na Somalia. Maneno mazuri yalisemwa. Lakini hesabu rasmi ya waliouawa haikutangazwa hadharani. Ruto alikuwa Naibu Rais wakati ule. Tangu Septemba 2022 yeye ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Jeshi lile la Umoja wa Afrika likabadilishwa jina, AMISOM ikawa ATMIS, ATMIS ikawa AUSSOM tangu Januari 2025, na hesabu ile bado haijatolewa. Huu nao, Ami, ni msimamo wa kijeshi uliovuka kutoka serikali moja hadi nyingine bila kuguswa, na ndio unaoniuma kuliko yote. Mlipokuwa mkibishana kuhusu Kibaki na Uhuru, mama yule alikuwa jikoni na kina Shangazi akikuna nazi. Aliwasikia. Aliweka mbuzi chini, akaenda zake bila kuaga.

Sikutaka kukuficha hilo.

Wewe watu wanakusikiliza pale barazani. Ukisema Kismayu ni ya Kibaki, vijana wanaondoka nayo hivyo hivyo. Nakuomba uwaambie na yaliyobaki: kwamba Katiba, kifungu cha 240, inataka Bunge liidhinishe kupeleka majeshi nje kulinda amani, kwa hiyo mbunge wetu naye, awe wa upande wowote, yumo.

Nitakuja Ijumaa baada ya swala, inshallah, na mahamri. Nataka tumwandikie mbunge barua fupi kuuliza hesabu ya El Adde, na nataka uiandike wewe, kwa mkono wako. Yule mama amekubali kutia sahihi.