Risala ya wahitimu wa kozi ya wanawake wapiga picha wa jeshi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, afande mkuu wa chuo, wakufunzi wetu, wageni waalikwa na wahitimu wenzangu, itifaki imezingatiwa. Tunakushukuru sana kwa kuacha majukumu yako kipindi hiki cha vita ukaja kwetu, tena umekuja mwenyewe, mwaka jana tuliletewa mwakilishi.

Historia kwa kifupi maana jua linawaka. Wanawake na kamera jeshini halijaanza jana, Marekani ilivyounda kikosi cha wanawake 1942 wapo waliofunzwa kupiga na kusafisha picha, na kule Uingereza akina dada wa jeshi la anga walikaa kituo cha Medmenham wakizisoma picha zilizopigwa na ndege, mmoja wao Constance Babington Smith ndo aliyekiona kile kidege cha Wajerumani kisicho na rubani kwenye picha ya Peenemünde, kituo chao cha kujaribia silaha, 1943. Na sisi tumo humo humo.

Mafanikio ni mengi mno. Tumehitimu 28 na hakuna aliyekimbia. Tumepiga picha zaidi ya 10,000, tukihesabu na zilizotoka na ukungu. Tumefanya maonyesho ya kimataifa kwenye ukuta wa bwalo, ni ya kimataifa kwa sababu daktari mmoja wa kigeni alipita akasimama kuangalia.

Mheshimiwa, changamoto zipo ila leo tunasema moja tu, fulana za kuzuia risasi. Tulizopewa zimekatwa kwa kifua cha mwanaume. Ukisimama wima unapendeza kabisa, shida ni kwamba mpiga picha hasimami wima, anainua mikono yote miwili mpaka jichoni, na ukiinua tu fulana inapanda mpaka kidevuni na kwapani panabaki wazi pale pale ambapo kipande cha bomu hakiombi ruhusa. Ukilala kwa tumbo ndo balaa, bamba la mgongoni linaisukuma helmeti inakufunika macho. Mwenzetu mmoja alirudi zoezini na picha 40, zote za udongo.

Hili sio geni mezani kwenu. Mgeni rasmi wa kozi ya kwanza aliahidi ndani ya miezi mitatu, tukapiga makofi. Wa pili akatuma watu na tepu, tukapimwa. Mwaka jana wakaja wengine na tepu, tukapimwa tena, yaani sasa hivi hakuna jeshi linalojua viuno vya askari wake kama hili, ila fulana hata moja haijashonwa.

2013 huko Afghanistan askari wa Marekani Hilda Clayton, miaka 22, alikufa kamera ikiwa mkononi, bomba la kurushia makombora ya mota lililipuka mbele yake mazoezini. Hatusemi fulana ingemuokoa. Tunasema tu kazi hii inafanyika karibu na moto kiasi hicho, na wiki ijayo 28 hawa wanaenda mstari wa mbele.

Ombi letu ni fulana 28, vipimo mnavyo. Risala ya mwaka jana tumeiambatanisha, maneno ni yale yale tumebadilisha tarehe.

Mwisho, kabla ya picha ya pamoja, fulana moja ipo pale mezani, saizi tumeichagua isikutoshe kama zisivyotutosha sisi. Tunakuomba uivae, ushike kamera, uinue mikono.

Tunaomba kuwasilisha.